Sema Pole

Nondo ilimpata Hassani kwenye taya, na mlio wake ukasikika hadi kwa wauza mbao walio ng'ambo ya barabara. Alianguka chali juu ya geti lililokuwa halijapakwa rangi, mikono yote miwili mdomoni, damu ikichuruzika katikati ya vidole. Grenda, mashine ya kukatia chuma aliyokuwa ameishika, ilidondoka ingali inazunguka, ikarukaruka sakafuni ikitoa cheche mpaka mtu mmoja akakimbilia kuchomoa waya ukutani. Gerson Chilongani alibaki amesimama palepale na nondo yake, akiitazama ile grenda mpaka ilipotulia.

Kila fundi katika karakana ile ya Kizota alijua jinsi mambo yalivyoanza, ila siku hiyo hakuna aliyekumbuka. Hassani alikuwa mcheshi wao, Mrangi wa Kondoa mwenye kisa kipya kila asubuhi, na mzaha wake mkubwa kuliko yote ulikuwa kumnyemelea Gerson akiwa amepiga magoti kazini na kumwashia grenda nyuma ya sikio. Gerson alikuwa akiruka kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto, na mafundi wakicheka huku wameshika mbavu. Gerson alishamwambia zaidi ya mara moja, "Usiniwashie hiyo sikioni. Nitakupiga." Lakini aliyasema hayo kwa sauti ileile anayotumia kumwambia mteja kwamba dirisha lake litakuwa tayari Jumatano. Na huku kwetu mtu anayetisha hupaza sauti, hutoa macho, hukunja shati. Anayetisha kwa upole huonekana anatania. Basi nao wakacheka zaidi.

Siku hiyo hawakucheka. Walimvamia Gerson kwa mateke, kwa mabomba ya chuma, mmoja akamgonga kichwani kwa kofia ya kuchomelea mpaka nyama ikafunguka juu ya jicho. Alipolala chini walimwinua na kumfunga kwenye nguzo kwa waya wa mashine, na kijana mmoja akawa anamrekodi kwa simu huku akimwambia, "Cheka basi, mjeuri wewe."

Raheli, mkewe, alifika kutoka Nzuguni na mafuta ya nywele bado yako mikononi. Alikuwa ameacha mteja saluni amesukwa nusu kichwa. Alimkuta mumewe amening'inia kwenye ule waya, na watu wazima, wengine baba za watu, wamemzunguka.

"Mfungueni," alisema.

"Mama, huyu ni mnyama, atatuua."

"Nimesema mfungueni mume wangu!"

Hakuna aliyesogea. Aliufungua mwenyewe, kwa kucha na meno, huku mafuta yakimtelezesha na yule kijana akiendelea kurekodi. Hakuna hata mmoja aliyeona aibu, na mimi nasema wazi kwamba walistahili kuiona.

*

Hassani hakuwa na baba. Aliyemlea ni mjomba wake, mzee Abdulrahim, mfanyabiashara wa mchele, mtu wa swala tano na wa maneno machache. Huyu ndiye aliyekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Mama Evarista, akaweka masharti yake.

"Mwanangu amefungwa taya kwa nyaya, anakunywa uji kwa mrija. Ningeweza kwenda polisi leo. Lakini nina wanangu na wao wana watoto wao, na sote tunaishi hapa. Jumamosi huyo bwana aje mbele ya watu, amwambie Hassani pole, na matibabu wayabebe. Asipokuja, au akija na ule ujeuri wake, Jumamosi hiyohiyo analala mahabusu."

Ujumbe huo uliletwa nyumbani na kaka yake Gerson, Elieza, mzee wa kanisa, aliyekuja na pikipiki yake na kamba ya katani imeviringishwa nyuma ya kiti. Raheli aliiona ile kamba kabla hajamjibu salamu.

"Ya nini hiyo, shemeji?"

"Shemeji, tusidanganyane. Huyu hawezi kusimama mbele ya watu. Unamjua. Kuna mtumishi ana kambi ya maombi, anakaa na watu wa namna hii. Wanafungwa mpaka wanatulia."

"Wanatulia au wanakufa?"

"Usikufuru."

"Naongelea kamba, sijaongelea Mungu."

Gerson alikuwa amekaa sakafuni pembeni ya kabati, kitenge kilicholowa maji kimefunika kichwa chake chenye nyuzi mpya. Elieza aliposhika kamba na kumsogelea, Gerson alinyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja vimekutana, akaiacha hewani ikisubiri. Hakuambiwa afanye hivyo. Alifanya kama mwingine anavyovua viatu mlangoni.

Raheli alikuwa ameishi na mwanamume huyu tangu harusi yao, akamzalia, akavumilia watu kumwita mke wa zezeta, na hakuwahi kuiona mikono ile ikikaa vile.

"Nani alimfundisha hivyo?" aliuliza.

Elieza aliitazama kamba.

"Nakuuliza, shemeji. Nani alimfundisha?"

"Baba alikuwa mkali," Elieza alisema. "Mambo ya zamani hayo."

Raheli alimnyang'anya kamba, akaitupa uani kwenye kuku. Halafu akamwambia jambo ambalo alikuwa amelikalia muda mrefu. Anastazia, muuguzi anayemsuka, alishamweleza kwamba wako watu wazima wenye hali kama ya Gerson, na kwamba hospitalini wanapimwa kwa kuulizwa na kuangaliwa, si kwa sindano. Kikwazo kilikuwa kimoja. Daktari angetaka mtu aliyemjua Gerson akiwa mtoto. Baba yao alikuwa amekufa, mama amekufa, na aliyebaki hai ni mmoja.

"Hospitali ipi?" Elieza aliuliza, ingawa alijua.

Jina la hospitali ile ya wagonjwa wa akili, Dodoma nzima, ni tusi. Watoto hutishiana nalo, wachumba huachana kwa sababu yake. Ukionekana tu unatoka getini, siku ya pili mtaa mzima unakusalimia kwa sauti ya kubembeleza.

"Hiyohiyo," Raheli alisema. "Na utakwenda. La sivyo nitasimama kanisani kwenu niwaeleze mikono hii niliyoiona."

*

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa kandambili kwa sababu miguu ilimuuma. Gerson alipoingia alisema, "Shikamoo," na daktari akaitika. Muuguzi kijana alipoingia kuchukua kiti, Gerson akamwamkia naye shikamoo. Msichana wa usafi alipoingia na fagio lake, naye akaamkiwa vilevile. Raheli alitazama chini. Ni jambo ambalo watu walilichukulia kuwa kejeli, na lilishamponza Gerson zaidi ya mara moja.

Daktari alizungumza naye kwanza, bila haraka.

"Hassani alipokuwashia grenda, ulisikia nini?"

"Sikusikia. Iliuma."

"Iliuma wapi?"

"Kwenye meno. Na nyuma ya macho."

"Na ulipoinua nondo?"

"Nilitaka iishe." Alifikiri. "Iliisha."

Kisha daktari akamgeukia Elieza, akamwomba asimulie, kuanzia utotoni. Elieza alikohoa, akaweka vizuri kola ya shati. Alianza kwa mzaha, kama wanavyosimuliana ndugu kwenye harusi. Gerson alichelewa kusema. Gerson alikuwa akipanga mawe zizini na ukiligusa moja analia kutwa. Gerson hakuwa anasalimia, wageni wakija anaingia chini ya kitanda.

"Baba yenu alifanyaje?"

"Alimfundisha."

"Alimfundishaje?"

"Alimfunga kwenye mti wa zizi. Wageni wakifika nyumbani kwetu kule upande wa Mtera, wanasalimia 'mbukwenyi', na yeye hajibu, anafungwa. Anachapwa mpaka ajibu." Elieza alijaribu kutabasamu. "Na alijifunza, daktari. Si unaona mwenyewe? Sasa anamwamkia kila mtu."

Chumbani hapakuwa na aliyetabasamu naye. Raheli alikuwa ameziba mdomo kwa upande wa khanga.

"Ni baba peke yake aliyekuwa akimchapa?" daktari aliuliza.

Elieza alitazama dirishani. Nje kulikuwa na upepo wa vumbi, ule wa Dodoma unaoingia hata kwenye chai. "Baba alizeeka," alisema hatimaye. "Mkono ukamchoka. Akawa ananipa mimi fimbo."

Gerson alikuwa akisugua ukingo wa meza kwa kidole gumba, akitafuta mahali mbao zilipounganishwa. Alisikia kila neno.

Daktari aliwaambia kwamba jambo lile halikatwi kwa kikao kimoja, angewataka tena na tena. Lakini kwa aliyoyaona na kuyasikia, huyu hakuwa mwendawazimu, wala hakuwa na pepo. Aliona dalili zote za usonji, na alikuwa amezaliwa nao.

"Usonji si ugonjwa wa watoto?" Elieza aliuliza. "Nilisikia redioni."

"Watoto hao wanakua, mzee. Wanaoa. Wanatengeneza mageti."

"Dawa yake?"

"Ya kuuondoa hakuna. Nitampa ya kumsaidia kulala, maana naona halali. Kazini avae vizibo vya masikio. Atakuja hapa tuzungumze naye, ajifunze kuondoka kabla hajafika kwenye nondo. Maana usonji haukumpa ruhusa ya kumvunja mtu taya, na hilo analijua. Yaliyobaki ni yenu. Mwambieni neno lilivyo, msimpitishie pembeni. Msimshike bila kumwambia. Msimpige."

"Kwa hiyo wagonjwa ni sisi," Elieza alisema, akitaka wacheke.

"Nikiwauguza ninyi nitakuwa nimemsaidia sana yeye," daktari alijibu, akavua miwani, akaufungua mlango.

*

Jumamosi walikusanyika uani kwa Mama Evarista, asubuhi, kabla jua halijakuwa kali. Upande mmoja alikaa mzee Abdulrahim na wapwa zake na mafundi wa karakana. Hassani alikuwa katikati yao, uso umevimba upande mmoja, taya limefungwa, macho makavu ya mtu asiyekula. Upande wa pili walikaa Gerson, Raheli na Elieza, ambaye alikuja na fimbo yake ya uzee wa kanisa.

Gerson alianza vibaya. Alipita akimwamkia kila mmoja shikamoo, na alipomfikia yule kijana aliyemrekodi kwa simu, kijana akaruka juu. "Mnaona? Ananitukana! Mimi mkubwa wake?" Mwenyekiti akamkalisha.

Raheli alisimama kueleza. Alilitaja jina la hali ile kama alivyoambiwa, akasema mumewe si jeuri, akasema ni watu wazima wengi wanaoishi nayo bila kujua. Akaona midomo ikibinywa.

"Kwa hiyo akimpiga mtu ni ugonjwa," mmoja alisema, "na akikojoa njiani ni ugonjwa."

"Mmetoka naye kule hospitali ya vichaa, halafu mnakuja kutwambia si kichaa."

Kicheko kikapita. Mzee Abdulrahim alinyanyua mkono, nao wakanyamaza.

"Binti yangu," alimwambia Raheli, "mimi si daktari. Kama ana ugonjwa, Mungu amponye. Lakini ulimi anao. Nilichoomba ni neno moja."

Mama Evarista akamgeukia Gerson. "Umesikia, baba. Mwambie mwenzako pole, yaishe, turudi makwetu."

Gerson alimtazama Hassani mabegani. Watu wote uani walikuwa wanasubiri, hata waliokuwa nje ya ua.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Sisemi pole."

Ua ukalipuka. Wapwa wa Abdulrahim walisimama, viti vya plastiki vikaanguka, fundi mmoja akaokota tofali. Abdulrahim alitoa simu kwenye kanzu, na kila mtu alijua anampigia nani. Raheli alipiga kelele, "Gerson, nakuomba!" Na hapo Elieza akainuka.

Labda aliogopa. Labda aliona kwamba akimpiga yeye, ndugu, wale wengine wataridhika na hawatatumia tofali. Mimi nadhani hakufikiri kabisa. Mkono wake ulikuwa unaijua njia. Fimbo ilimpata Gerson begani, kisha shingoni, kisha juu ya jicho palepale penye nyuzi, na sauti iliyomtoka Elieza haikuwa yake, ilikuwa ya mzee aliyezikwa zamani upande wa Mtera.

"Sema! Jibu! Watu wanasubiri! Sema!"

Gerson alianguka kwenye magoti. Damu ikamjaa jichoni. Hakujikinga. Alinyoosha mikono mbele, viganja vimekutana, akaiacha hewani.

Aliyekuwa na tofali alilishusha. Mtu mmoja nyuma akasema, "Jamani." Ni rahisi kumpiga mtu anayepigana nawe, hata anayekimbia. Mwanamume mzima anayekupa mikono umfunge, hiyo ni shughuli nyingine. Elieza naye aliiona ile mikono, fimbo bado iko juu.

Raheli aliikwapua fimbo, akamchapa nayo shemeji yake usoni kwa nguvu zake zote, mdomo ukapasuka. Akamchapa tena. Hakuna aliyemzuia. Halafu akaitupa, akapiga magoti mbele ya mumewe, akajikataza kumgusa ingawa mikono yake ilikuwa inamwasha. Akakumbuka alichoagizwa na daktari. Neno lilivyo.

"Gerson. Nakuuliza swali moja. Kwa nini husemi pole?"

Gerson alipepesa jicho lililokuwa zima.

"Pole ni ya mtu aliyefiwa," alisema. "Au anaumwa. Au ameanguka na baiskeli na wewe unapita tu. Hukumfanya kitu, unasema pole, unaendelea na safari. Mimi sikupita. Mimi ndiye niliyemvunja. Nikisema pole nitakuwa najifanya mpita njia."

Mama Evarista alikuwa ameacha mdomo wazi.

"Sasa wewe ungependa kusema nini?" Raheli aliuliza, machozi yakimtiririka.

"Nimemkosea. Nilimpiga na nondo kwenye taya. Taya halikufanya kosa, mkono ndio ulioshika grenda. Naomba anisamehe." Akavuta pumzi. "Nilitaka kumwambia siku ileile. Wakanifunga kwenye nguzo. Na leo hakuna aliyeniuliza. Wanasema tu sema pole."

Hassani alitoa sauti puani. Mjomba wake aliinama, akidhani anasikia maumivu, lakini Hassani alimsukuma kando, akazungumza kupitia meno yaliyofungwa, kwa shida, mate yakimtoka.

"Alinionya."

"Alikuonya nini?"

"Alisema nitakupiga. Kila siku alisema." Alipangusa kidevu kwa mgongo wa mkono. "Nilijua anatania. Mimi ndiye niliyekuwa natania."

Mzee Abdulrahim aliitazama simu iliyofunguka kiganjani. Mafundi walitazama kandambili zao. Yule kijana wa kurekodi alikuwa ameshatoka nje ya ua, hakuna aliyemwona akiondoka.

"Sijafurahi," mzee alisema mwishowe. "Sitasema nimefurahi. Mwanangu hali chakula. Lakini neno aliloleta ni kubwa kuliko nililoliomba. Matibabu mtayabeba kama tulivyosema. Polisi siendi." Akaizima simu, akairudisha kwenye kanzu.

Watu wakaanza kuinuka, viti vikaokotwa. Hassani alipita mbele ya Gerson, akasimama kidogo, akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake. Mama Evarista alileta maji kwenye bakuli. Raheli akamwambia mumewe, "Nataka kukuosha uso, nakugusa sasa," na Gerson akafumba macho akamruhusu.

Elieza alikuwa bado amesimama palepale, mdomo unavuja damu kwenye shati la kanisani. Alikuwa na umri wa kutosha kuwa babu. Alisogea, akasita, akasogea tena.

"Pole, mdogo wangu," alisema kwa sauti ndogo.

Gerson alifumbua macho. Maji yenye damu yalimtiririka shavuni. Alimtazama kaka yake mabegani kwanza, halafu, jambo ambalo Raheli hakuwahi kumwona akilifanya, akamtazama usoni.

"Wewe ulihusika," alisema.

Mama Evarista akasimamisha bakuli. Kisha mzee wa kanisa akakaa chini mavumbini na suruali yake iliyopigwa pasi, mbele ya mdogo wake na mbele ya wote waliokuwa hawajatoka, akaanza kuyataja aliyomtendea, moja baada ya jingine, kuanzia mti wa zizi.